TASA ILIYOKUWA NA WATOTO

Leo nataka tuzungumzie namba moja tu: 4294967297. Msikimbie, haina meno!

Namba tasa, kama mjuavyo, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Sasa chukueni 2, mwizidishe kwa yenyewe mpate 4. 4 kwa 4 ni 16. Halafu 256, halafu 65536. Ongezeni 1 kwa kila moja, hata kwa ile 2 ya mwanzo. Mtapata 3, 5, 17, 257 na 65537. Zote tasa! Mnamo 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alisadiki kwamba zitakazofuata nazo zitakuwa tasa. Ya sita ndiyo hii yetu. Kwa haki niseme kuwa mwenyewe alikiri hana ithibati. Lakini jina kubwa ni jina kubwa, bwana. Ilipita miaka 92 mpaka Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa St Petersburg kule Urusi, alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641.

Nami sikukubali vivi hivi. Jedwali la logi lilinipa 641 kwa 6700417 kuwa 4295000000, na tarakimu za mwisho, ambazo ndizo zenye kesi, hazionekani. Basi nikazidisha kwa mkono:

6700417 × 600 = 4020250200
6700417 × 40 = 268016680
6700417 × 1 = 6700417

Jumlisheni wenyewe. Tena si lazima kujaribu kila namba. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe kizidisho cha 64 ukiongeza 1. Kwa hivyo unajaribu 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Tano tu, na watu walikaa miaka 92!

Lakini niwacheke kwa nini? Muhula uliopita tulipewa zoezi, na yule anayetuongoza darasani akaandika jibu ubaoni. Mimi niliona alama ya kutoa imepotea. Nikanyamaza, nikanakili. Nilijiambia, mimi wa nambari ishirini na nane ni nani hata nimsahihishe namba wani? Daftari zetu zikarudi zimejaa wino mwekundu, langu likiwemo.

Maoni yangu ni kwamba katika vikundi vyetu vya majadiliano, atoaye jibu aonyeshe njia, na hata anayeshika mkia awe huru kuuliza "umejuaje?" bila kuchekwa. Wengine watasema eti silabasi ni ndefu, muda hautoshi. Mbona masahihisho ya zoezi lile yalikula vipindi viwili vizima?

Hadi leo hakuna aliyepata namba nyingine tasa katika mfuatano ule baada ya 65537, wala aliyethibitisha kwamba zimekwisha. Ile hesabu yangu iko nyuma ya daftari la hisabati. Anayetaka kuikagua aje, nitampa.