Baba wa Zawadi na mabango ya Barabara ya Kilwa

Makamanda, panda gari Kariakoo, teremka Mbagala Rangi Tatu, halafu niambie umehesabu nyuso ngapi njiani. Siyo za abiria, za kwenye mabango. Siku hizi kila mradi una uso. Barabara ina uso, zahanati ina uso, mpaka choo cha shule kinazinduliwa kwa ngoma na picha. Na chini ya uso maneno ni yaleyale: ametoa, ametuletea, asante.

Ametoa wapi?

Ukiuliza hivyo chawa wanakuvaa. Eti huna shukrani, eti ndiyo utamaduni wetu Waafrika, watawala tangu enzi na enzi walitukuzwa. Sawa. Twendeni basi kwa hao watawala wa enzi na enzi. Hatuhitaji kwenda Misri kwa mafarao, barabara yenyewe tunayopigwa nayo vumbi inaitwa Barabara ya Kilwa.

Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, alitawala sultani aitwaye al-Hassan bin Suleiman. Dhahabu ya Sofala ilikuwa inapita mikononi mwa watu wake na inatozwa ushuru, kwa hiyo hela ilikuwepo. Akajenga jumba juu ya mwamba, nje kidogo ya mji, kila chombo kinachoingia kilione. Ndiyo Husuni Kubwa. Vyumba zaidi ya 100, vyote kwa mawe ya matumbawe, na katikati bwawa la kuogea lenye pembe nane. Maji ya kulijaza bwawa hilo hayakupanda mwambani yenyewe, kuna watu waliyabeba. Majina yao hayapo popote. Jina lililopo ni la sultani: Neville Chittick, aliyechimba pale miaka ya 1960, alikuta jiwe la maandishi yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa, linamtaja sultani kwa sifa ya mfalme mshindi. Na huyohuyo Chittick aliona dalili kwamba jumba halikumalizika, wala halikukaliwa muda mrefu. Mnaona? Miradi ya sifa kuishia njiani hatukuanza sisi.

Sarafu zake nazo ni somo. Ni za shaba, ndogo, hazina sura ya mtu. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zinaingiana kwa vina kama ubeti wa shairi. Hebu fikiria ujanja huo. Muuza samaki anaigeuza sarafu kiganjani, na Mola na mtawala wanaishia kwa sauti moja. Hakuhitaji bango. Propaganda ilikuwa mfukoni mwa kila mtu, na ilisafiri: moja ya sarafu za Hassan imepatikana Great Zimbabwe, huko inakotoka dhahabu.

Mwaka 1331 akafika Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco. Yeye ndiye aliyetuachia picha ya sultani iliyodumu kuliko jumba. Anasema watu walimwita Abu al-Mawahib, Baba wa Zawadi, kwa ukarimu wake. Anasimulia Ijumaa moja fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakubisha. Akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Watu wakasifu sana. Mtoto wa sultani akaona afadhali azirudishe zile nguo, akamlipa fakiri watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Soma tena. Zawadi ni watu 20.

Na Ibn Battuta hafichi walikotoka. Anaeleza kwamba sultani huyu mkarimu alikuwa akivamia mara kwa mara nchi za Wazanji, anakamata mateka, anachukua ngawira. Yaani Baba wa Zawadi alikuwa anapora bara halafu anagawa msikitini. Aliyepewa anasifu, aliyeporwa haonekani kwenye picha. Hiyo ndiyo sanaa yote ya utawala, jamani, na haijabadilika sana: onyesha mkono unaotoa, ficha mfuko ulikotolewa.

Sasa njoo huku kwetu. Mama lishe wa Tandika amepanga chumba kimoja. Akinunua umeme, kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, utaratibu ulioanza 2021, wakati jengo siyo lake. Akinunua sabuni, VAT asilimia 18 imo ndani ya bei. Njia ya mwendokasi ya Mbagala imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mkopo unalipwa na huyuhuyu mama na watoto wake. Zege likakauka, likakaa muda mrefu bila mabasi, watu wanaendelea kubanana kwenye daladala. Barabara za mitaa za DMDP, Temeke na Kinondoni, ni mkopo wa Benki ya Dunia. Halafu kwenye bango anaambiwa ashukuru. Amshukuru nani, deni?

Wakati wa ujenzi huwa kuna kile kibao cha mkandarasi: mwajiri fulani, mhandisi mshauri fulani, fedha za fulani. Kibao kile ndicho chenye ukweli. Ndicho kinachong'olewa kazi ikiisha. Uso unabaki.

Nitawaambia kitu cha aibu zaidi. Vasco da Gama alipoitishia Kilwa mizinga mwaka 1502, mtawala wa hapo akalazimishwa kulipa dhahabu. Mfalme Manuel wa Ureno akaitumia kutengeneza chombo cha kanisani, kimejaa malaika na mitume wadogo wadogo, kazi ya ajabu ukiiangalia. Kipo mpaka leo jumba la makumbusho Lisbon. Kwenye kitako chake pameandikwa kwamba mfalme Manuel ndiye aliyeamuru kitengenezwe, kwamba kilikamilika 1506, na kwamba dhahabu yake ni ya kodi iliyotoka Kilwa. Yaani mkoloni wa miaka 500 iliyopita, aliyechukua kwa mtutu, aliandika hela imetoka kwa nani! Mheshimiwa wetu anashindwa?

Wajerumani nao walisimamisha hapa Dar sanamu ya gavana Wissmann, yeye juu, na chini yake askari Mwafrika akimwangalia kwa kuinua uso. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaiondoa, na mwaka 1927 pakawekwa Askari yule tunayemjua pale Posta. Ya Wissmann ikaishia Hamburg, wanafunzi wa chuo wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Ule mkao wa askari ndio chawa wanautaka kwetu: shingo juu, mdomo wazi, asante.

Na tusijidanganye kwamba ugonjwa huu umeanza juzi. Sarafu zetu za kwanza, za 1966, zilikuwa na uso wa Nyerere, naye yuko madarakani. Mwinyi naye akaingia kwenye sarafu akiwa Ikulu. Wapo kati yetu watakaonuna nikimtaja Mwalimu hapa, wanune tu. Kama ni kosa, ni kosa kwa wote, na siku chama chetu kikishika halmashauri nitaandika hivihivi.

Sidai mabango yachanwe. Anayechana bango anawapa sababu ya kumlaza Chang'ombe, na bango linachapwa jipya kwa hela yetu. Ninachodai ni maandishi ya Manuel: chini ya kila uso paandikwe fedha ni kodi au mkopo, mkopo wa nani, unalipwa mpaka lini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016. Kila tawi, Temeke na Kinondoni, lichague bango moja la mradi wa halmashauri, lilipige picha, limwandikie mkurugenzi wa manispaa. Barua ni ukurasa mmoja, maswali mawili: bango hili limegharimu shilingi ngapi, na limelipwa kutoka kifungu gani?