Diwani aombe kura, asiombe miaka

Mhariri,

Nataka kujibu hoja ambayo kila ikizikwa hufukuliwa: kwamba miaka mitano haimtoshi diwani, aongezwe iwe saba. Hapa kwetu Pwani imerudiwa majuzi tu, tena matangani, mheshimiwa diwani wetu alipopewa kipaza sauti atoe rambirambi. Marehemu alitajwa mara moja. Miaka saba ilitajwa hadi wazee wakaanza kutazamana.

Wazo lenyewe si lake. Mwaka 2024 Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka mswada katika Seneti akitaka Katiba ibadilishwe ili Rais, magavana, wabunge na madiwani wakae miaka saba badala ya mitano. Wananchi walipotakiwa kutoa maoni, waliandika kwa wingi kuupinga, na chama tawala chenyewe kikauruka futi mia. Kumbe wenzetu wa bunge la kaunti hawakusikia kelele zile, au walisikia wakadhani zilimhusu Rais peke yake.

Nianze na pale wanaposema kweli. Diwani aliyechaguliwa Agosti 2022 aliapishwa akakuta bajeti ya 2022/23 imeshapitishwa na waliomtangulia, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1. Pesa za kwanza alizokuwa na sauti kamili juu yake ni za Julai 2023. Hapo hujahesabu kesi za uchaguzi kwa waliopelekwa kortini, wala miezi ambayo Hazina ya Kitaifa huchelewesha mgao wa kaunti, wala mwaka wa mwisho ambao kila mwanasiasa huwa barabarani akitafuta kura. Inabaki miaka mitatu hivi ya kazi. Sibishi. Lakini katika hayo yote, lipi litaponywa na miaka saba? Hazina itaacha kuchelewesha? Mwaka wa mwisho utaacha kuwa wa kampeni? Yatabaki yale yale, ila sisi wenye kura tutakuwa tumengojeshwa miaka miwili zaidi.

Halafu hesabu hiyo inamfaa gavana, haimfai diwani. Gavana ndiye mwenye zabuni, wahandisi na mawaziri wa kaunti. Diwani kazi yake ni nyingine kabisa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 9, inamtaka awe karibu na watu wake, asikilize shida zao na kuzifikisha kwenye bunge la kaunti. Kifungu hicho hicho kinamkataza kujiingiza katika utendaji wa serikali ya kaunti au kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wake. Anatunga sheria, anapitisha bajeti, na anamsimamia gavana, maana yake anauliza maswali. Na kuuliza hakungoji mwaka wa fedha. Akishaapa leo, kesho anaweza kusimama.

Nitoe mfano wa wadi yetu. Tuna zahanati iliyokwisha kujengwa, ikapakwa rangi ya buluu na nyeupe, ikabandikwa kibao cha jiwe chenye jina la aliyeifungua. Haina muuguzi. Mlango una mnyororo na kufuli, barazani hulala mbuzi wakikimbia jua, na tangi la maji bado lina karatasi ya kiwandani ubavuni. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, hupakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na shangazi wa kumshikilia, wakapita barabara ya mchanga hadi hospitali ya kaunti ndogo. Wa kwetu tuliowasindikiza hivyo tunawajua kwa majina. Sasa, hapa hakuna kitu cha kujengwa. Kinachotakiwa ni mtu mmoja asimame bungeni amwulize waziri wa afya wa kaunti: muuguzi wetu yuko wapi, na ataletwa lini? Tumemfikishia mheshimiwa jambo hili kwa mdomo, kwa barua, na kupitia mzee wa mtaa. Jibu lake ni kwamba muda ni mfupi.

Lakini muda wa kugawa fomu za basari mbele ya kamera anao.

Na vile vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti, sijui kama mhariri umewahi kuhudhuria kimoja huku mashambani. Tangazo huingia kwenye kikundi cha WhatsApp magharibi, na kikao ni kesho saa tatu asubuhi, chini ya mwembe nje ya ofisi ya chifu. Kitabu cha makadirio ya bajeti ni kimoja, kimeandikwa kwa Kiingereza, na kiko kwapani mwa msimamizi wa wadi. Anakifungua, anasoma majumla, anauliza kama kuna swali. Mama mmoja akiuliza pesa za zahanati ziko ukurasa gani, anaambiwa hilo ni suala la kitaalamu. Kisha huzungushwa karatasi ya mahudhurio, soda, na nauli kidogo. Ile karatasi yenye sahihi zetu ndiyo inayokwenda kuwa ushahidi kwamba tulishauriwa. Diwani anayeruhusu watu wake wafanyiwe hivyo mwaka baada ya mwaka atanishawishi vipi kwamba amekosa miaka?

Kuna jambo ambalo watetezi wa miaka saba hawaligusi. Katiba imemwekea gavana mihula miwili tu. Diwani haikumwekea kikomo. Mchapakazi anaweza kurudi mara ya pili, ya tatu, hata ya nne, akatimiza miaka 20 kwa ridhaa ya watu wake. Kwa hiyo diwani mzuri hana shida na miaka mitano. Anayehitaji saba ni yule anayejua kwamba muhula wa pili hapati.

Na ikiwa tutamwongeza muda, tutamtoaje akitushinda? Kwenye karatasi tuna haki ya kumrudisha nyumbani mbunge, na sheria ikagusa na diwani. Masharti yake yalikuwa ya kukatisha tamaa: ungoje miezi 24 tangu uchaguzi, na miezi 12 ya mwisho usimguse. Mahakama Kuu ikafuta baadhi ya vifungu hivyo mwaka 2017 kwa kuwa vinaizuia haki badala ya kuilinda. Tangu Katiba ya 2010, hakuna mbunge wala diwani aliyeondolewa kwa njia hiyo. Na hata wananchi wangekusanya sahihi, wangezipeleka kwa nani? Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna. Watu wa Banissa, kule Mandera, walimpoteza mbunge wao Machi 2023 na hawakupiga kura ya kuijaza nafasi yake hadi Novemba 27, 2025. Siku hiyo hiyo wadi kadhaa nchini nazo ndipo zilipopata madiwani. Nchi iliyoacha viti wazi kwa muda wote huo inaombwa tena iwarefushie muda wanaovikalia.

Tusisahau pia kwa jirani. Uganda wabunge walijiongezea muhula kutoka miaka mitano hadi saba mnamo Desemba 2017. Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale Julai 2018, ikaifuta nyongeza hiyo. Hao walikuwa na mahakama ya kuwazuia. Ngazi ya kijiji ndiko kwenye somo zaidi: wenyeviti wa vijiji (LC1) waliochaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliendelea kukaa, kura ikiahirishwa na kuahirishwa, mpaka Julai 2018. Walipopatikana wapya, muhula wao ulipokwisha 2023 ukaongezwa badala ya watu kuitwa wapige kura. Viongozi wa chini husahaulika haraka. Rais akijiongezea mwaka mmoja dunia nzima hupiga kelele. Mwenyekiti wa kijiji akikaa miaka 15 ni habari ya hapo hapo kisimani.

Kama kweli shida ni muda, kuna vya kurekebisha ambavyo havigusi Katiba wala havihitaji kura ya maamuzi. Hazina ipeleke mgao kwa ratiba. Kitabu cha bajeti kitafsiriwe Kiswahili na kibandikwe ofisi ya wadi wiki mbili kabla ya kikao. Bunge la kitaifa lituandikie upya sheria ya kuwarudisha nyumbani waliotushinda, yenye masharti ambayo mvuvi na mama muuza mahamri wanaweza kuyatimiza. Waheshimiwa wakishayafanya hayo, waje tuzungumze habari ya miaka, nami nitasikiliza.

Nawe mhariri nina ombi. Kila bunge la kaunti lina kumbukumbu rasmi za vikao, hansadi. Waandishi wako wazipitie, kaunti kwa kaunti, mtuchapishie kila diwani ameuliza maswali mangapi tangu Agosti 2022, na kuhusu nini. Gazeti la siku hiyo mimi nitanunua nakala mbili, moja nimpelekee mheshimiwa wetu.

Mpiga kura,
Pwani ya Kenya