Barua kwa Mjamzito Ambaye Bado Hajaamua

Nchini Marekani, mjamzito anayefikiria kumtoa mwanawe aasiliwe huletewa vitabu vidogo vya picha, wakati mwingine lundo zima. Kila kimoja kimetengenezwa na watu wanaotamani mtoto. Ukurasa wa kwanza mume na mke wamekumbatiana ufukweni. Wa pili ni nyumba, ua wenye bembea na mbwa wa familia. Mbele zaidi babu na bibi wamezunguka meza ya Krismasi. Katikati kuna barua, na mwishoni namba ya simu ya kupiga bila malipo. Wenyewe wametajwa kwa majina ya kwanza tu.

Wengi huiharibu barua hiyo tangu salamu. Humwita msomaji wao "mama mzazi mpendwa" na kumshukuru kwa zawadi anayowapa, kana kwamba shughuli imekwisha. Haijaanza. Anayesoma ni mwanamke mwenye mtoto tumboni, ambaye huenda kesho akazungumza na mama yake, akapata chumba cha kupanga, akaamua kulea mwenyewe. Kumshukuru leo ni kumfungia mlango huo.

Historia inaeleza kwa nini jambo hili ni zito. Tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wasichana wengi wa Marekani waliopata mimba nje ya ndoa walipelekwa kwenye nyumba maalumu mbali na kwao, wakajifungua kwa siri, na kurudi mikono mitupu. Katika majimbo mengi kumbukumbu za mahakama zilifungwa, mama asijue mwanawe yuko wapi. Ann Fessler, ambaye naye aliasiliwa, alikusanya simulizi za wanawake zaidi ya 100 wa kizazi hicho katika kitabu chake cha mwaka 2006, The Girls Who Went Away. Kinachorudi mara kwa mara katika simulizi hizo ni kwamba hakuna aliyewauliza wanataka nini. Vitabu vya picha vilikuja kama sehemu ya kurekebisha kosa hilo: sasa mama ndiye achague. Lakini uchaguzi unaofanywa kwa kubembelezwa, tena na watu wenye fedha kuliko yeye, unaweza kumrudisha palepale.

Kisa cha kuasiliwa kwa Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa Apple, kinajulikana, ila upande wa mama yake hutajwa kwa haraka mno. Mwaka 1955, Joanne Schieble, mwanafunzi wa chuo kikuu asiyeolewa, alijifungua San Francisco. Sharti lake lilikuwa moja: mtoto alelewe na watu waliohitimu chuo kikuu. Mwanasheria mmoja na mkewe walikuwa tayari, kisha wakabadili nia kwa sababu walitaka msichana. Simu ikapigwa usiku kwa Paul na Clara Jobs, waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri, nao wakakubali mara moja. Baadaye Schieble akagundua kwamba Clara hakuhitimu chuo kikuu na Paul hakumaliza hata sekondari. Akagoma kusaini. Ilichukua miezi kadhaa, na ahadi ya wanandoa hao kwamba kijana atasomeshwa chuo, ndipo akaweka sahihi. Walitimiza: mwaka 1972 Jobs alijiunga na Reed College, Oregon, kwa akiba yao, ingawa aliacha masomo baada ya muda mfupi.

Lau Schieble angeambiwa mapema kwamba Paul ni fundi mitambo anayetengeneza magari na kwamba wangejinyima ili mtoto asome, pengine angeridhika bila miezi ile ya mvutano. Kilichomuumiza ni kuujua ukweli akiwa amechelewa.

Ndiyo maana ushauri wa kung'arisha kila kitu haufai. Wanandoa wanaoasili kupitia mashirika binafsi hulipa makumi ya maelfu ya dola na kusubiri kwa miezi au miaka, hivyo kishawishi cha kujipamba ni kikubwa. Wakishinde. Kama baba anafanya kazi zamu za usiku, waseme. Kama mmoja aliwahi kuachika, waseme. Kama ni watu wa kanisani kila Jumapili, au hawana dini kabisa, mama ana haki ya kulijua kabla hajawachagua. Filamu ya Juno ya mwaka 2007 ilionyesha vizuri hatari ya kujipamba: binti mjamzito anavutiwa na wanandoa wanaoonekana wametulia, kumbe mume tayari ana mguu mmoja nje ya ndoa.

Tena wasimwambie "tunajua unavyojisikia". Hawajui. Wanaweza kusema jinsi walivyohangaika na utasa wao, kwa sentensi mbili, bila kumtwika mgeni jukumu la kuwafuta machozi. Na sentensi moja isikose: uamuzi wowote utakaofanya, pamoja na kumlea mtoto wako mwenyewe, tutauheshimu. Wengine huiogopa wakidhani itawakosesha mtoto. Mtoto ambaye wangemkosa kwa sentensi hiyo hakuwa wao kumpata.

Sheria nayo inaitambua nafasi ya kubadili nia, ila kwa vipimo tofauti kutoka jimbo hadi jimbo. Massachusetts mama hawezi kusaini ridhaa hadi siku ya nne baada ya kujifungua. Kansas zinatosha saa 12. New York, ridhaa iliyosainiwa nje ya mahakama inaweza kupingwa ndani ya siku 45. Mwanamke aliyesaini saa 12 baada ya uchungu wa kuzaa, huku wanandoa aliowachagua wakisubiri kwenye korido na maua, ana uhuru mdogo sana wa kusema hapana. Wanandoa waungwana hukaa mbali na chumba hicho mpaka waitwe.

Lililo zito kuliko yote ni ahadi ya mawasiliano. Barua nyingi huahidi picha kila mwaka na kutembeleana. Katika baadhi ya majimbo makubaliano hayo yanaweza kudaiwa mahakamani. Katika mengine ni maneno tu, na hata yakivunjwa uasili haubatilishwi. Asiyekuwa na hakika ya kukutana na mama huyo mara mbili kwa mwaka aahidi picha peke yake, kisha azitume.

Nchini Kenya njia ni nyingine: mtoto hutakiwa awe ametimiza angalau wiki sita, na lazima kwanza atangazwe rasmi kuwa huru kuasiliwa. Lakini kwa Mkenya au Mtanzania aishiye Marekani ambaye sasa anaandaa kitabu chake cha picha, ombi ni hili: kabla hujakichapisha, mtafute mwanamke aliyewahi kumtoa mwanawe, mpe barua yako aisome, na kila atakapoweka kidole akisema "hapa unanisukuma", pafute.