Nani Kasema Tambarare Ni Rahisi?

Kaa kwenye kibanda chochote cha chai Katesh, Dongobesh au Haydom, uanzishe habari za uwindaji. Kikombe hakijapoa, hukumu imeshatoka: mwindaji wa kweli ni wa mlimani. Huko chini mbugani, wanasema, hata mtoto anapata kitoweo, maana unaona mbali na hakuna mwinuko wa kukukata pumzi. Nimeisikia kauli hii kwa wazee, kwa vijana wa bodaboda, hata kwa maofisa wenye shahada zao. Wote huisema kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kumnyatia kanga kwa miguu yake mwenyewe.

Basi tumchukue huyo huyo kanga. Ndege wetu wa kupima ujuzi ni kanga, na akikosekana, kwale. Fika mbuga ya Yaeda Chini mwezi wa Agosti. Udongo mweusi umepasuka, nyasi zimeliwa na ng'ombe hadi shinani. Mkononi una upinde wa kuaminika kwa hatua ishirini au thelathini, si zaidi, na mshale wa ndege, ambao ni kijiti kilichochongwa ncha tu, bila chuma wala sumu. Mbele yako kanga kama ishirini na tano wanachakura. Wamekuona kabla hujawaona. Wengi wameinama wanakula, lakini wawili watatu wamesimamisha shingo, na wakiinama hao, wengine wanapokea zamu. Unasogea hatua kumi, nao wanasogea hatua kumi. Hawaruki, wanatembea tu, kwa madaha yanayoudhi. Unalala chini utambae, wanasimama kukutazama kama vile umeanguka kifafa. Ukithubutu kukimbia, mmoja anapasua ile kelele yake ya kukwaruza, kundi lote linatimka kwa miguu, na likikuchoka linaruka hadi kwenye migunga ya ng'ambo. Kila swala aliyekuwa karibu ameshapata habari. Umekwisha.

Hayo ndiyo manufaa ya kuona mbali. Wewe una macho mawili, kundi lina hamsini, na uwanja wenyewe hauna hata kichuguu cha kujificha. Masika yakija mbuga inajaa maji, tope linabeba viatu, na kanga wametawanyika wawili wawili kutaga.

Sasa panda vilima vya mawe vilivyo kati ya Yaeda na Ziwa Eyasi. Jasho litakutoka, sikatai. Lakini kila jabali ni ukuta wako, kila korongo ni ushoroba. Ndege anayeshuka kunywa maji hana njia mia. Ana mbili au tatu, na unaweza kuzijua zote kwa nyayo. Unazunguka nyuma ya kigongo, unatokea hatua kumi na tano juu yake. Hata upepo una ratiba: jua likichoma mteremko asubuhi hewa hupanda, jioni baridi ikiingia hushuka. Kanga hajali harufu, lakini tandala anajali sana, na mlimani unaweza kukisia harufu yako itaelekea wapi. Mbugani upepo hugeuka utakavyo wenyewe.

Watu huchanganya uchovu na ugumu, kosa linalofanywa pia na wanaodhani mbeba zege anafanya kazi ngumu kuliko fundi anayepanga vyuma. Mlima unataka mapafu. Tambarare inataka subira, hesabu na ujasiri wa kulala kifudifudi juani bila kujikuna. Watazame Wahadzabe, wawindaji wa huko huko Yaeda, ambao hakuna wa kuwafundisha upinde katika Tanzania hii. Kiangazi kikikaza hawapotezi nguvu kumfukuza mnyama uwandani. Hujenga maficho kando ya maji na kumvizia usiku. Watafiti waliokaa nao miaka ya 1980 walihesabu kwamba mwindaji mmoja huangusha mnyama mkubwa kwa wastani wa siku 3 tu katika siku 100. Mabingwa hao! Halafu mtu wa kibanda cha chai anakwambia mbugani hata mtoto anapata.

Imani hii imetoka wapi, basi? Imetoka kwenye gari. Ukiwa juu ya Land Cruiser, na bunduki yenye darubini magotini, tambarare kweli ni rahisi na mlima ni adha. Si ajabu kwamba mwaka 2007, kampuni ya uwindaji iliyohusishwa na familia ya kifalme ya Falme za Kiarabu ilipotaka kitalu katika nchi hii ya Wahadzabe, jicho lake lilitua Bonde la Yaeda. Makelele yakawa mengi, ikajiondoa. Wepesi ule ulikuwa wa injini na risasi, lakini sisi tukaupa uwanda sifa hiyo, tukamvisha nayo mtu anayetembea kwa miguu.

Ningeyaacha yabaki maneno ya kibandani kama yasingefika ofisini. Yamefika. Mahali panapodhaniwa pepesi kwa mwindaji au mchungaji huonekana pia hapana ujuzi wa kupoteza, na kutoka hapo hadi kupaita patupu ni hatua moja. Mwaka 1964 Serikali iliwakusanya Wahadzabe pale Yaeda Chini ili walime. Magonjwa yaliwaandama na wengi wakarudi porini. Katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, lilitwaa hekta zipatazo 40,000 kwa ajili ya ngano, yakiwamo malisho ya Wabarabaig na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO ushindi. Mlima Hanang wenyewe, wenye zaidi ya mita 3,400, una mipaka, Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na kibali cha kuingilia. Uwanda ulioko miguuni pake ulipelekewa matrekta. Sisemi mlima usilindwe; nauliza kwa nini heshima yetu huanzia penye mwinuko.

Ni kweli kwamba mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000, na ilikuwa hatua kubwa. Lakini mashamba na mifugo bado vinagonga mipaka hiyo, na watalii wanaendelea kuwapiga picha juu ya majabali wakidhani huko ndiko walikochagua kuishi tangu zamani, kana kwamba mbuga haikuwahi kuwa yao.

Kamati za ardhi za vijiji huchora mpango wa matumizi zikiwa zimeketi mezani, na mbuga huitwa "eneo la wazi". Kabla ya kalamu kugusa ramani, wajumbe watelemke mbugani asubuhi moja, kwa miguu, bila gari, pamoja na mwindaji wa hapo. Wakimkuta kanga wajaribu tu kumsogelea hadi hatua thelathini.