Pesa ya Korosho na Iende Jikoni

"Pesa ya korosho msiipeleke jikoni. Jikoni hakuzai." Ndivyo alivyosema mgeni aliyeletwa kutufundisha elimu ya fedha kwenye mkutano wa chama cha msingi, huku kwetu Newala, malipo ya mnada yalipoanza kuingia. Akatoa mifano. Mama aliyenunua godoro la bei kubwa ilhali la bei ya chini lilikuwepo duka hilohilo. Mwingine aliyenunua sufuria ya presha na kuni zipo porini. Mwingine aliyemaliza fedha yake kwenye tanki la maji badala ya kuongeza shamba. Anasa, akasema, na ukumbi ukampigia makofi. Wazee waliokaa mbele walitikisa vichwa kwa kukubali. Wapo na wanawake waliopiga makofi, na hao ndio walionichoma zaidi.

Imani hii si ya mgeni yule peke yake. Utaisikia msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, utaisikia kwa mjomba anapogawa urithi, utaisikia kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Dar es Salaam nako wanayo yao: ile hadithi ya mkulima wa korosho aliyemnunulia mbuzi wake soda, na ile ya friji lililogeuzwa kabati la nguo katika kijiji kisicho na umeme. Zilivuma bei ilipogusa shilingi 4,000 kwa kilo katika misimu ya 2016 na 2017, na zikafufuka Oktoba 2024, mnada wa kwanza ulipovuka tena shilingi 4,000. Kila anayezisimulia ameambiwa na mwingine. Wanazisimulia kwa sababu inawapendeza kuamini kwamba mtu wa Kusini akishika fedha anarukwa na akili.

Mimi nasema kinyume chake, na nasema kwa uzito wote nilio nao. Ukishalipa ada ya mtoto na ukaweka akiba ya chakula, hakuna matumizi bora ya fedha ya korosho kuliko kununua kitu kizuri, imara, cha bei yake halali, kitakachoipunguzia nyumba yako kazi kila siku ya Mungu. Na sababu ya kukiita kitu hicho anasa naijua: mgongo unaookolewa ni wa mwanamke.

Hebu tazama vitu ambavyo haviitwi anasa. Bomba la injini la kupulizia salfa ni ghali, lakini hakuna mgeni aliyesimama mbele yetu akasema tukapulize kwa mikono ili tubane matumizi. Tangu ugonjwa wa ubwiriunga ulipoingia kwenye mikorosho yetu, kila mtu anaelewa kwamba bila salfa na bomba lake maua yanakauka na msimu unapotea. Pikipiki nayo huitwa mtaji, hata ile inayolala mbele ya kilabu cha uraka kutwa nzima. Redio kubwa ni burudani ya mzee. Ila chombo kikivuka kizingiti cha jikoni, ghafla kila mtu anakuwa mchumi.

Na mgeni wetu alikuja na gari gani? La kiyoyozi, lenye viti laini, na dereva. Barabara ya kutoka Masasi kupanda huku anaijua kwa dirishani. Yeye mwili wake una haki ya kutunzwa, wa mama wa huku kwetu Chilangala hauna.

Nianze na maji, maana mtu asiyejua maji ya uwanda wa Makonde hana haki ya kutufundisha matumizi. Sisi tunakaa juu, maji yako chini. Mchanga wetu unainywa mvua yote, na chemchemi zinatokea huko miteremkoni na mabondeni. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikaa Newala akaandika habari za maji yaliyo mbali chini ya mteremko na wanawake wanaoyapandisha kwa vichwa. Miaka ya 1950 ukajengwa mradi wa maji wa Makonde, wa kusukuma maji kwa mitambo hadi juu. Miaka ya 1970 wakaja Wafini na visima vyao. Chanzo cha Mitema, kule bonde la Kitangari, kimetusukumia maji tangu wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 2022 ukasainiwa mradi wa miji 28 kwa mkopo wa India, na Makonde imo. Naushukuru kila mradi. Lakini pampu ikiharibika au mgao ukibana, anayebeba pengo hilo kichwani ni yule yule aliyeonwa na Weule.

Sasa tupige hesabu ambayo mtaalamu wa fedha hakuipiga. Nyumba ya mita sita kwa nane ina paa la mita za mraba 48. Kila milimita moja ya mvua juu ya paa hilo ni lita 48. Uwanda wetu unapata kama milimita 900 kwa mwaka, kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Hizo ni zaidi ya lita 43,000. Hata robo nzima ikimwagika na kuoshea vumbi, zinabaki zaidi ya lita 32,000, ambazo ni ndoo kubwa zipatazo 1,600. Ndoo moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 kabla hujaihesabu yenyewe. Maji haya yanatoka mbinguni, yanapita juu ya kichwa cha mama, yanaanguka uani kwake na kuchimba korongo, na Agosti mama huyohuyo anatafuta ndoo ya kununua.

Kinachokosekana ni gata nzuri na tanki. Tanki la lita 5,000 ni ndoo 250. Nyumba inayotumia ndoo tano kwa siku inakaa siku hamsini bila kuteremka bondeni, na katika miezi ya mvua tanki hujaa tena na tena. Kwa nilivyouliza madukani, bei yake ni kama nusu ya pikipiki mpya, magunia machache ya korosho kwa bei za siku hizi. Likiwekwa kwenye msingi wa saruji na kufunikwa vizuri, watoto waliozaliwa mwaka lilipofungwa watamaliza sekondari wakilitumia. Nionyesheni pikipiki ya hivyo. Wazee wetu wenye busara walijenga visima vya saruji vya kuvunia mvua kando ya nyumba zao, na nyumba hizo hadi leo zinajulikana kijijini. Hakuna aliyewaita wabadhirifu.

Na kwenye paa usidanganyike na bei. Bati la geji 32 ni jepesi kuliko la 30, na la 30 ni jepesi kuliko la 28. Bati jepesi linapinda fundi akilikanyaga, linashika kutu mapema, upepo wa huku juu unalifunua, na kutu hiyo inaingia kwenye maji yako. Mtu anayekwambia "bati ni bati" hajawahi kulala chini ya linalovuja.

Nije kwenye mbaazi. Sisi tunalima mbaazi, tunauza mbaazi, tunakula mbaazi. Mbaazi kavu iliyokomaa, juu ya mafiga matatu, inaweza kula asubuhi nzima na mzigo mzima wa kuni. Ndani ya sufuria ya presha maji yanafika joto la nyuzi 120 hivi, badala ya 100, na kazi ya saa mbili tatu inakwisha ndani ya saa moja. Ile ya umeme haimalizi hata uniti moja kwa kupika maharage, na vijiji vingi sasa vina nguzo. Serikali yenyewe, Mei 2024, ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Watafikaje huko, ikiwa kila mama anayenunua sufuria ya presha anasimangwa kwenye mkutano wa ushirika? Huku rais anahimiza jiko safi, kule mtaalamu anasema jikoni hakuzai.

Kuna jibu hupewa kila ninapolisema hili, na nimelichoka: "Bibi zetu walibeba maji na kupikia kuni, na waliishi miaka mingi." Wanaolisema karibu wote ni wanaume, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza bibi yake kama alipenda. Mimi wangu nilimuuliza. Alikuwa amelala ubavu, maana chali hakuweza, shingo imekaza kwa ndoo na mitungi ya ujana wake, macho yanachuruzika kwa moshi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sikuwa na la kufanya." Ndiyo hekima ya mababu wanayoitaja. Wengine wanakwenda mbali zaidi wanasema mwanamke akipunguziwa kazi atakaa kupiga umbea. Mwanamume aliyepunguziwa kazi na bomba la injini anakaa wapi? Yuko kwenye bao, chini ya mwembe, tangu saa nne asubuhi, na hakuna anayemhesabia saa.

Halafu kuna balaa la vitu vya bei chee. Mnada wa kijiji umejaa sufuria nyembamba zinazopinda zikiegemezwa, zinazounguza uji hata moto ukiwa mdogo. Visu visivyokata nyanya. Tochi zinazokufa kabla betri hazijaisha. Magodoro ambayo baada ya miezi michache yanakuwa bonde katikati, na mzee aliyelalia anaamka ameshika kiuno. Kila mwaka nyumba inanunua upya, na kila mwaka mwenye nyumba anajisifu kwamba amebana matumizi. Dada yangu alinunuliwa sufuria za aina hiyo siku ya harusi yake, seti nzima yenye maua. Leo inayotumika ni moja tu, ile nzito aliyopewa na shangazi yetu ambaye hakuwa na fedha ya seti. Wenye mchango mkubwa walisifiwa kwenye kipaza sauti, shangazi hakutajwa. Katika mabeseni, ndoo, jembe na kinu ni vilevile: mti mzuri na chuma kizuri hurithiwa, vingine huishia jalalani.

Na tukianza kuhesabu upotevu, tuhesabu wote. Mwenye pesa ya korosho anakodi muziki mkubwa wa ngoma ya kumtoa mwali, spika zinazotikisa kijiji hadi alfajiri, anachinja, analisha watu asiowajua. Naipenda mila yetu na mwenyewe nimechezwa unyago. Lakini mwali yule, Jumatatu yake, anabeba ndoo. Tumemfundisha wajibu wote wa mwanamke na kumlipia gharama zote za sherehe, na hatukumnunulia hata kitu kimoja cha kumsaidia kuutimiza. Msibani ni hivyohivyo: tunachanga haraka kumzika mama ambaye tulikataa kumchangia tanki. Na makato ya mauzo, je? Tangu mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/08 nimeona karatasi za malipo zenye mistari ya makato ambayo mkulima hawezi kueleza ni ya nini, na sijaona mtaalamu aliyekuja kutufundisha kuiuliza. Somo lao ni moja, tusinunue godoro.

Ni vema pia tukumbushane fedha hiyo imetoka wapi. Korosho haijiokoti. Inaokotwa moja moja chini ya mkorosho, mgongo umeinama, inatenganishwa na bibo lake, inaanikwa, inachambuliwa, inatiwa kwenye gunia. Nenda shambani Oktoba au Novemba, hesabu mikono inayofanya hivyo, uone ni ya nani. Jina kwenye daftari la chama na kwenye akaunti ya benki mara nyingi ni la baba. Kisha mama akiomba sehemu ya jasho lake irudi nyumbani kwa umbo la tanki, anaambiwa anakula mtaji.

Kusema jikoni hakuzai ni kutojua hesabu. Saa zinazookolewa kila siku ni saa za kupalilia mbaazi, za kukaanga na kuuza korosho, za mtoto wa kike kufika shule kabla ya kengele badala ya kuwa njiani na ndoo. Na hata zisizae shilingi, hata mama akizitumia kulala tu, nasema ni halali yake. Mwili uliochoka ukapumzika ni faida tosha, na sitaomba ruhusa ya mchumi kuamini hivyo.

Kwa hiyo nina dai, na nalielekeza kwa vyama vyetu vya msingi na kwa TANECU, chama chetu kikuu cha ushirika, vilevile. Chama kinachoweza kuleta magunia na viuatilifu hadi kijijini kinaweza kuagiza kwa jumla matanki ya lita 5,000, gata, bati la geji 28 na sufuria za presha zenye dhamana, mwanachama akachukua Julai na kulipa kwa awamu mauzo yakianza. Bei ya jumla itakuwa chini ya dukani, na chama kitaweza kumrudishia muuzaji mali mbovu, jambo ambalo mama mmoja mmoja hawezi. Kwenye mkutano mkuu ujao ombi hili litaletwa kwa maandishi. Huku Chilangala karatasi ya majina imeshaanza kuzunguka, na waliotia sahihi kwanza ni wajane, ambao hawana wa kumwomba ruhusa.