Falsafa Haina Bara Moja

Msomaji, huenda umepata kusikia kwamba falsafa ni mali ya Wagiriki, na kwamba watu wa Asia walikuwa na dini na misemo ya hekima tu. Kauli hii husemwa kwa ujasiri mkubwa, na mara nyingi msemaji hajafungua hata kitabu kimoja cha Uhindi au cha Uchina. Usiikubali kabla hujaipima.

Tazama Uhindi. Zaidi ya miaka 1500 iliyopita, wanafalsafa walioitwa Nyaya waliweka kanuni ya hoja yenye hatua tano. Mlimani pana moto. Kwa sababu pana moshi. Kila penye moshi pana moto, kama jikoni. Mlimani pana moshi wa namna hiyo. Basi mlimani pana moto. Wewe wajua methali yetu kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Wao walidai sababu yake na mfano wake. Wapinzani wao, Charvaka, hawakuridhika hata hapo. Waliuliza: ni nani aliyeuona moshi wote, wa jana na wa kesho, hata aseme kila penye moshi? Swali hilo lingali likiwashughulisha wenye akili.

Geukia Uchina. Confucius, aliyeishi tangu mwaka 551 hadi 479 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba wema huanza nyumbani, katika kuwaheshimu wazazi. Baadaye Mozi alipinga: upendo wenye ubaguzi huzaa vita, basi mtu aijali nchi ya jirani kama yake. Mengzi akamjibu Mozi kwamba ampendaye kila mtu sawasawa amemkana baba yake. Je, hii ni misemo mitupu? Ikiwa kudai sababu na kujibu hoja si falsafa, basi hata Wagiriki hawakuwa nayo.

Wako pia waipendao Asia kwa upofu, wanaoinamia kila neno lake kama kwamba halina kosa. Hao nao hawaitendei haki, maana wenyewe wa Asia walibishana.

Jambo hili lakuhusu. Kauli iyo hiyo imetupwa juu ya Afrika: ati tuna methali, hatuna fikira. Ukiinyamazia inaposemwa juu ya Asia, utaijibu kwa kinywa gani inaposemwa juu ya wazee wako? Soma, pima, kisha bishana. Mwanafalsafa huheshimiwa kwa kujibiwa.