AFYA YA NYUMBANI: Mzee Akipotewa na Akili

Hapa Mwandiga mzee akianza kusinzia mchana, kukesha usiku na kusema ovyo, twasema ni uzee, ama amerogwa. Lakini huenda ni malale, ugonjwa uletwao na mbung'o wa maporini. Vijidudu vyake hutoka katika damu vikaingia ubongoni, na usipotibiwa huua.

Tena uko ugonjwa mwingine ufananao nao, ambao kinga ya mwili yenyewe hupigana na ubongo. Dawa zake huituliza kinga. Mwenye vijidudu akipewa hizo peke yake, adui amefunguliwa mlango.

Basi, mpelekeni mzee hospitali ya Maweni, Kigoma. Mwelezeni daktari kama alipita porini. Damu na maji ya uti wa mgongo vipimwe kwanza, ndipo ugonjwa upewe jina.